Yai la Jumatano, jiko la Alhamisi: jibu kwa msomaji anayemtunza mama wa Kiyahudi

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Baltimore. Mimi ni Mkenya, kazi yangu ni kumtunza mama mmoja mzee wa Kiyahudi, na ninalala humo humo kwao. Sabato nimeshaizoea: jiko haliguswi, taa haziguswi. Sikukuu ndizo zimenishinda. Mwaka 2024 Mwaka Mpya wao uliangukia Alhamisi. Jumatano kabla jua halijatua, binti yake alichukua yai la kuchemsha na mkate, akavisomea maneno, akaviweka kwenye friji na kutuonya tusiviguse. Kesho yake nikaona wanapika, ila kiberiti hawawashi. Mezani walinikaribisha vizuri, lakini nilipotaka kuwamiminia mvinyo binti akawahi chupa. Nilikosea? Wakinawa mikono halafu wote wakanyamaza, mimi nifanyeje? Na niwapelekee nini, maana kwenda mezani mikono mitupu siwezi.

JIBU: Dada, hukukosea chochote. Suala la chupa nitalifikia, lakini nianze na jiko, kwa sababu yai lile lilitokana na jiko.

Siku ya Sabato sheria ya Kiyahudi inakataza aina 39 za kazi, zikiwemo kupika, kuoka, kuwasha moto na kuuzima. Sikukuu kubwa (siku za mwanzo na za mwisho za Pasaka, Sikukuu ya Majuma, Mwaka Mpya, siku za mwanzo na za mwisho za Vibanda) zina makatazo hayo hayo, ila chakula kimetengwa. Fungua Kutoka 12:16 katika Biblia yako: kazi yoyote isifanywe, isipokuwa ile ya kuandaa kile ambacho kila mtu atakula. Kwa kifungu hicho kimoja wanapika, wanaoka na wanatumia moto. Siku ya Upatanisho haimo katika ruhusa hii. Siku hiyo watu hufunga, na sheria zake za kazi ni za Sabato.

Ruhusa ya kutumia moto, hata hivyo, si ruhusa ya kuuanzisha. Kiberiti huleta moto ambao haukuwepo, na marabi walisema kazi hiyo ungeweza kuimaliza jana. Moto uliopo tayari unaruhusiwa kuhamishwa. Ndiyo maana Jumatano ile, ukikumbuka vizuri, lazima kulikuwa na mshumaa mnene ndani ya glasi unaoweza kuwaka siku moja au mbili, au jicho moja la jiko la gesi liliachwa linawaka. Kutoka hapo mtu huchukua njiti, huipeleka kwenye jicho jingine, kisha huiweka mahali salama ijizimie yenyewe, kwa sababu kuzima hakumpikii mtu kitu. Jiko linalotoa cheche za umeme ukizungusha kitufe haliwashwi kwa kitufe hicho siku ya sikukuu. Hapa niingize neno la usalama ambalo halihusiani na dini: gesi ikiwaka siku mbili tatu mfululizo katika nyumba iliyofungwa madirisha kwa baridi, hewa yake inaweza kuua. Dirisha liachwe wazi kidogo, na kama kengele ya hewa chafu haipo jikoni, mwambie binti anunue.

Kuna mpaka mwingine: hupikwa cha leo tu. Huko nje ya Israeli kila sikukuu hizi hushikwa siku mbili badala ya moja (Mwaka Mpya ni siku mbili hata Israeli kwenyewe), na siku ya kwanza hairuhusiwi kuihudumia ya pili. Siku zao huanza jua linapotua. Hilo wewe hulihitaji kufafanuliwa, kwa watu wa pwani kwetu usiku hutangulia mchana, na Alhamisi jioni huitwa usiku wa Ijumaa. Basi mlo wa usiku wa pili hauanzi kupikwa wala kutandikiwa meza mpaka nyota zitoke, na watu hukaa kula saa nne za usiku huku watoto wanasinzia. Wenye ujanja hutumia njia moja halali: kama sufuria inapikwa kwa ajili ya mlo wa leo, unaweza kuijaza nyama yote kwa mara moja, na kitakachobaki kimebaki.

Sasa yai. Mwaka Mpya wa 2024 ulishika Alhamisi na Ijumaa, na mara baada yake ikaingia Sabato. Siku ya Sabato hakuna kupika, kwa hiyo chakula chake lazima kiive Ijumaa. Lakini Ijumaa ile nayo ni sikukuu, na sikukuu hujipikia yenyewe tu. Marabi wa kale walitatua hili kwa kuanza kuipikia Sabato siku ya kawaida, Jumatano, kwa kiasi kidogo tu, ili kinachopikwa Ijumaa kihesabiwe ni mwendelezo wa kazi iliyokwisha kuanza. Utaratibu huo huitwa eruvi tavshilini. Unahitaji mkate usiopungua ukubwa wa yai na kitu kilichopikwa kisichopungua ukubwa wa zeituni. Wengi huchagua yai la kuchemsha kwa kuwa halisumbui na halichachi upesi, wengine huweka kipande cha samaki au nyama. Mwenye nyumba hutoa baraka, kisha hutamka kwamba kwa vitu hivi itaruhusiwa kuoka, kupika, kuhifadhi chakula na joto lake, na kuwasha mishumaa kutoka sikukuu kwenda Sabato. Maneno yenyewe ni ya Kiaramu, lakini asiyekijua Kiaramu inampasa aseme kwa lugha anayoielewa, maana tamko ni lake.

Mlionywa msiguse kwa sababu hiyo. Yai likiliwa kabla mapishi ya Ijumaa hayajakamilika, ruhusa inaondoka nalo. Na lisingewasaidia kupika Alhamisi kwa ajili ya Sabato. Ruhusa ni ya Ijumaa peke yake. Sabato ikifika huliwa, na ule mkate mara nyingi hutolewa mezani kama mmoja wa mikate miwili ya mlo.

Ukiuliza kwa nini kuhangaika hivyo, Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, inakupa majibu mawili yasiyofanana. Rabi Rava anasema ni kwa heshima ya Sabato: mtu aliyezama katika karamu za sikukuu anaweza kuisahau, basi alazimishwe kuitengea fungu zuri mapema. Rav Ashi anasema ni kwa heshima ya sikukuu: watu wakiona hata kwa Sabato hairuhusiwi kupika bila utaratibu, watajua kwamba kuipikia Jumatatu ya kawaida ni mwiko zaidi. Mimi naegemea kwa Rava, kwa sababu nimeona jinsi siku tatu za kula mfululizo zinavyoumaliza mwili; ifikapo Ijumaa mchana hakuna anayetaka kusikia habari ya mlo mwingine.

Chini ya hoja hizo kuna nyingine ninayoipenda kuliko zote. Rabba, rabi mwingine wa Talmudi (si Rava yule), aliuliza: kwa sheria ya Torati yenyewe, mtu anayepika Ijumaa ya sikukuu chakula cha kesho anasimamia wapi? Akajibu kwamba kwa kuwa wageni wanaweza kubisha hodi leo hii na kukila chakula hicho, kimepikwa kihalali. Ndiyo maana familia zinazofuata sheria kwa makini huhakikisha vyungu vya Sabato vimeiva mapema Ijumaa, kiasi kwamba mgeni akifika kabla jua halijatua ataweza kupakuliwa.

(Kitabu kizima cha Talmudi kinachoshughulika na sheria za sikukuu kinaitwa Yai, lakini ni kwa ajili ya yai jingine: lile ambalo kuku ametaga siku yenyewe ya sikukuu. Nyumba ya Shamai na nyumba ya Hileli ni shule mbili za marabi wa kale: ya Shamai wakasema liliwe, ya Hileli wakasema lisiliwe.)

Kuhusu wageni, nadhani wewe mwenyewe umejiuliza nafasi yako mezani. Kupika siku ya sikukuu kumeruhusiwa kwa ajili ya Wayahudi, kwa hiyo Shulhan Aruki, mkusanyo wa sheria wa Yosef Karo wa karne ya 16, unakataza kumwalika mtu asiye Myahudi kwenye mlo wa sikukuu, kwa hofu kwamba mwenyeji atawasha jiko na kuongeza sufuria kwa ajili yake. Siku ya Sabato katazo hilo halipo, kwa sababu hakuna kupika. Ukisoma mpaka hapo utaona ni sheria ya kufunga mlango. Lakini sentensi inaendelea: mfanyakazi wa nyumbani, mjumbe aliyetumwa, na mtu aliyejitokeza mwenyewe, hao wanakula pamoja na mwenye nyumba bila wasiwasi wowote. Wewe umo katika sentensi hiyo. Ukitaka kuja na rafiki yako wa kanisani, hapo ndipo uulize siku kadhaa mbele, ili chakula chake kipikwe kabla ya sikukuu. Marabi wengi wa leo huruhusu hivyo.

Na zaidi ya kuruhusiwa, unatakiwa uwepo. Kumbukumbu la Torati 16:14 inapoamuru furaha ya sikukuu inawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliandika kuhusu mtu anayefunga milango ya ua wake, akala na kunywa na mkewe na watoto wake huku maskini na wenye uchungu wakiwa nje: hiyo, alisema, si furaha ya amri ya Mungu bali ni furaha ya tumbo lake. Ni maneno makali kwa kitabu cha sheria.

Chupa sasa. Mvinyo una sheria zake tangu zama ambazo watu waliumwagia miungu kama sadaka, na baadaye marabi wakaipanua kwa sababu ambayo hawakuificha: kunywa pamoja huleta kuzoeana, na kuzoeana huleta ndoa nje ya dini. Mvinyo wa kawaida wa kosheri (yaani unaokubalika kwa sheria yao ya chakula) ukimiminwa na asiye Myahudi, wanaoshika sheria hawaunywi tena. Kwa masikio yetu inauma, na sitaki kuipaka asali. Haina maana kwamba mkono wako ni mchafu. Mkono huo huo unawapakulia wali na kumlisha mama yao. Mvinyo uliokwisha kupitishwa kwenye moto hautiwi katika sheria hiyo, na chupa zake huandikwa kwamba umepikwa. Familia nyingi zenye wafanyakazi hununua huo makusudi ili jambo kama lililokupata lisitokee. Kama hawajafanya hivyo, waachie chupa, shika jagi la maji.

Ndugu wa sheria hiyo ni ile ya jiko. Chakula cha heshima, kisicholika kibichi, kikipikwa mwanzo hadi mwisho na asiye Myahudi huwa na tatizo kwao. Kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki, ambao ndio wengi huko Marekani, inatosha mmoja wao awashe moto, mengine yote ufanye wewe. Wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu hutaka Myahudi ndiye ainjike sufuria motoni. Kwa hiyo binti anapokuja jikoni asubuhi, akawasha jicho la jiko na kuondoka bila neno, hajaja kukuchunguza.

Huenda pia umeona wanavyozungumza kwa mafumbo siku hizo. Hairuhusiwi kumwagiza asiye Myahudi afanye kazi ambayo Myahudi amekatazwa, lakini kutaja hali ilivyo si kuagiza. Mtu akisema "taa ya chumbani inawaka, sijui nitalalaje," ametaja hali tu. Ukienda kuizima umeenda mwenyewe. Kwa mgonjwa mambo ni mengine. Mama yule, kama hajiwezi, anaruhusiwa kufanyiwa kwa kuombwa waziwazi: washa kipasha joto, pasha uji. Na ikiwa uhai uko hatarini, sheria zote hizi zinawekwa pembeni, ziwe za Sabato, za sikukuu au za Siku ya Upatanisho. Piga simu ya dharura hapo hapo, usimsubiri mtu akupe ruhusa. Rabi yeyote atakuambia hivyo.

Kuhusu zawadi: usipeleke chakula cha mkono wako, hata chapati zako ziwe laini vipi. Hazitaliwa na utasononeka bure. Kitu cha dukani kilichofungwa na chenye alama ya kosheri kinafaa, lakini uliza kwanza kama mlo ni wa nyama au wa maziwa, maana havichanganywi, na wengi husubiri saa kadhaa baada ya nyama kabla ya kugusa maziwa. Bahasha yenye pesa usimpe mtu siku hiyo, maana pesa haishikwi. Pasaka iache kabisa. Usiingize nyumbani hata biskuti. Maua ndiyo salama, yafike kabla ya jua kutua, yakiwa tayari kwenye chombo chenye maji.

Basi mfuatano wa mezani. Mishumaa huwashwa kwanza, na siku ya sikukuu wapo wanawake wanaotoa baraka kabla ya kuwasha badala ya baada, kwa kuwa hata sikukuu ikishaingia moto unaruhusiwa kuhamishwa. Kisha kidushi: kikombe kilichojaa mvinyo, baraka ya zabibu, baraka ya utakatifu wa siku, na ile ya kumshukuru Mungu aliyetuweka hai tukafika wakati huu. Hiyo ya mwisho husomwa kila sikukuu isipokuwa siku za mwisho za Pasaka, ambazo huhesabiwa ni sehemu ya sikukuu ile ile. Kama sikukuu inaanza Jumamosi usiku, kama ilivyokuwa Pasaka ya 2025, kikombe hicho hicho kinabeba pia baraka ya moto na ya kuiaga Sabato, kwa mpangilio wake: mvinyo, utakatifu wa siku, moto, kuagana, wakati. Wewe simama wakisimama, kaa wakikaa, sema "amina" ukipenda. Usianze kunywa kabla ya mwenye kikombe.

Usiku wa pili wa Mwaka Mpya utakuta mezani tunda la ajabu ambalo halikuwepo jana. Siku mbili hizo huchukuliwa kama siku moja ndefu, basi kuna shaka kama baraka ya kufika wakati huu inastahili kurudiwa. Wanaweka tunda jipya la msimu ili baraka ipate pa kushika hata kama shaka ni ya kweli. Nimewahi kumwona baba wa watu akizunguka maduka kutafuta pera, tunda ambalo kwetu watoto hulirushia mawe mtini.

Baada ya kidushi wananawa. Hii si ya uchafu. Mikono inatakiwa iwe safi kabla haijalowa. Chombo kina vishikio viwili, maji humwagwa mara mbili au tatu mkono wa kulia kisha wa kushoto, baraka husomwa, na kuanzia hapo hakuna mazungumzo mpaka mkate umemezwa, kwa kuwa kunawa na mkate ni tendo moja lisilokatwa na maneno. Ndicho kile kimya kilichokutatanisha. Ukinawa nao hakuna ubaya, usiponawa hakuna atakayeuliza. Ila usimwulize mtu jambo wakati huo, atakujibu kwa macho na mikono. Mikate hufunikwa, nayo ni miwili, kwa kumbukumbu ya mana iliyoshuka maradufu siku ya Ijumaa jangwani. Kipande huchovywa kwenye chumvi, na Mwaka Mpya wengi huchovya kwenye asali. Baraka ya mkate hufunika karibu kila kitu cha mlo, ndiyo maana hutasikia nyingine wakati wa kuku na viazi. Tunda la mwisho wa mlo ndilo lina yake.

Mlo ukiisha huimbwa Zaburi 126, kisha baraka ndefu ya kushukuru, inayotegemea Kumbukumbu la Torati 8:10: utakula na kushiba, nawe utambariki. Wanaume watatu wakila pamoja hualikana kwa maneno maalumu kabla ya kuianza, na siku ya sikukuu huongezwa kipande kinachoitaja sikukuu yenyewe.

Hapa ndipo mkono wa kazi unapowasha, najua. Subiri. Mkate ubaki mezani mpaka wamalize. Siku za kawaida wengi huondoa visu kabla ya baraka hiyo, lakini Sabato na sikukuu viachwe vilipo. Na vyombo vya mlo wa mwisho wa mchana wao hawaoshi mpaka giza liingie, maana kuosha kungekuwa ni kuitumikia siku nyingine. Ukitaka kuviosha mapema kwa raha yako ni juu yako, ila wasikuombe, nawe usitumie maji ya moto ya bomba bila kuuliza nyumba hiyo imezoea vipi.